Mama Albina na Wavukaji Wake

...na hapo ndipo tulipofikia jana wakati wa chai, sote tumesimama na vikombe mkononi: kwamba baada ya miaka yote hii hakuna hata mmoja wetu anayeweza kueleza kwa uhakika Mama Albina anaamini nini. Mume wangu Shedrack alisema anaamini dhamiri. Bwana Abdulhadi, mkuu wetu wa ofisi, alisema anaamini kuchelewesha kontena. Mimi nilikuwa nimeshapewa kazi ya kuandika wasifu huu, kwa hiyo niliyaweka yote mawili akilini, nikazidi kuchanganyikiwa.

Basi nianze na lile lisilo na utata. Mama Albina Kapinga, mkaguzi mkuu wa mizigo, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 5 Novemba 1999, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mizigo hapa Guangzhou, China, kwa miaka kumi na mitano. Jumapili atavuka kwenda Hong Kong kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Jumatatu mimi, Felisia, nitakabidhiwa futi yake ya kupimia na kazi yake ya ukaguzi. Bwana Abdulhadi alipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, akitegemea ataomba saa ya mkononi au seti ya vyombo vya udongo, Mama Albina alijibu kwamba hataki kitu cha kubeba. Anataka tu kwamba kuanzia sasa kila mkaguzi wa ofisi hii, akifika kiwandani, aanze na mlango ndipo aje kwenye mzigo. Bwana Abdulhadi alikuna kidevu akasema, "Tutaona." Nyumbani kwetu neno hilo lina maana ya ndiyo na lina maana ya hapana, na tangu siku hiyo tunabishana ilikuwa ipi. Nitaeleza huo mlango ni upi. Lakini kwanza mumfahamu mwenyewe.

Mama Albina alizaliwa Litembo, wilaya ya Mbinga, kwenye milima ya kahawa. Alisoma kwa masista, akapata nafasi ya kwenda Shanghai kusomea mambo ya nguo, akarudi kufanya kazi kiwandani Dar es Salaam, na mwaka 1984 akaletwa hapa. Anasema ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye vigoda viwili, na akienda sokoni watu walishuka kwenye baiskeli kumtazama. Leo wenye maduka wa soko la nguo la Shisanhang wanamwita Ayi, yaani mama mdogo, na wakimwona anaingia wanaficha marobota yenye kasoro kabla hajavua miwani. Kule soko la Shahe ana desturi ya kugeuza suruali nje ndani na kuivuta mshono wa kati kwa mikono miwili kama anayekamua nguo. Ukikatika, anamrudishia mwenye duka bila neno. Na laoban yeyote, yaani mwenye biashara, akimwambia "mei you", kwamba kitu anachotaka hakipo, yeye huvuta kigoda, hutoa karanga mfukoni, na hula polepole mpaka kiwepo. Mara nyingi huwepo.

Mtanisamehe nikimtaja mume wangu mara kwa mara katika maandishi haya. Tuna miezi mitatu tu ya ndoa, neno lenyewe bado tamu mdomoni, na isitoshe Shedrack ndiye msimamizi wetu wa upakiaji na yumo karibu katika kila kisa cha Mama Albina. Yumo hata katika kisa cha Wavukaji, na kosa la kisa hicho ni lake.

Ilikuwa hivi. Pale shuleni kwa masista palikuwa na sanduku la vitabu vya msaada kutoka Marekani, na kimoja mchwa walikuwa wamekula jalada pamoja na kurasa za mwanzo. Albina alikuwa msichana wa kidato cha pili. Alikisoma chote kilichobaki, na hadi leo hajui kinaitwaje wala nani alikiandika. Kilieleza habari za watu wa mji mdogo unaoitwa Konkodi, karibu na Boston, zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, ambao kwa Kiingereza waliitwa Matransendentalisti, jina refu kama treni ya mizigo. Walikuwa walimu, wahubiri walioacha kuhubiri, wanawake wasomi, na wengine waliopenda tu kutembea msituni. Walisema ndani ya kila mtu kuna sauti inayojua ukweli kabla hajafundishwa, na kwamba sauti hiyo hiyo iko kwenye miti na maji na mawingu, na kwamba mtu akiisikia hapaswi kusubiri ruhusa ya kanisa, ya serikali, wala ya majirani.

Miaka mitatu iliyopita Mama Albina aliamua kwamba watu wanaokaa mbali na kwao wanahitaji kitu cha kuzungumza zaidi ya bei. Akaomba stoo yetu iwe wazi kila Jumapili mchana, watu wakae juu ya marobota wazungumze. Alimpa Shedrack kazi ya kuandika tangazo la kwanza. Shedrack wangu, ambaye hapendi kuandika neno asiloweza kulitamka, aliuliza maana ya lile jina refu, akaambiwa ni watu wanaosema ukweli uko ng'ambo ya yale tunayoyaona na kuyashika. Akafikiri kidogo, akaandika kwa kalamu nene na kubandika mlangoni: JUMAPILI SAA NANE, MAZUNGUMZO KUHUSU WAVUKAJI. WOTE MNAKARIBISHWA.

Sasa kila Mtanzania wa hapa anajua kuvuka ni nini. Kuvuka ni kwenda Hong Kong viza inapokaribia kuisha, ukapate nyingine, urudi. Jumapili ile stoo ilijaa mpaka ngazini. Watu walikuja na pasipoti, na picha ndogo, na maswali. Bwana Burhani wa Zanzibar, mteja wetu mkubwa wa mikoba na viatu, alikaa mbele kabisa akauliza kwa adabu iwapo hao wavukaji walipitia Shenzhen au walipanda boti. Mama Albina alimtazama, akalitazama tangazo, akamtazama Shedrack, na Shedrack akaanza kuhesabu marobota.

Angeweza kuwarudisha. Hakuwarudisha. Aliwaambia kwamba watu anaotaka kuwazungumzia walivuka mpaka usio na afisa, na kwamba atakayechoka kusikiliza aondoke tu, hatachukia. Wachache waliondoka. Bwana Burhani alibaki, kwa sababu, kama alivyosema baadaye, alikuwa bado anasubiri kusikia habari za boti.

Hivyo jina likabaki, na mkanganyiko ukabaki nalo. Nilihudhuria karibu kila Jumapili na sina hakika kama niliwahi kuelewa hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Alituambia wale watu walisisitiza kujitegemea. Sote tuliitikia kwa kichwa, maana hilo tumeimba tangu shule ya msingi, tumelima bustani kwa ajili yake, tumefuga sungura kwa ajili yake. Juma lililofuata Bwana Burhani alitangaza kwamba kwa kufuata mafundisho ya Jumapili amejitegemea: amekwenda Shahe peke yake, bila mkalimani, ameagiza suruali za jinzi nusu kontena. Zilipofika stoo zilikuwa nzuri sana, mshono imara, na zote za watoto wa miaka saba. Ile aliyooneshwa dukani alidhani ni sampuli iliyofupishwa ili iingie kwenye begi. Mama Albina alimweleza kwamba kujitegemea kwa watu wa Konkodi ni kuamini moyo wako unapokuambia jambo ni baya hata kama wengine wote wanalisifu. Bwana Burhani akajibu kwamba moyo wake ulimwambia zile suruali ni fupi, ila aliuona haujui biashara.

Tulijifunza mengine pia. Kwamba mwalimu mmoja wao alifungua shule isiyo na viboko, akampokea mtoto mweusi, na wazazi wakaondoa watoto wao mpaka shule ikafa. Bwana Burhani alisema skuli isiyo na bakora ni barza ya soga, lakini habari za yule mtoto aliziuliza mara mbili. Kwamba baadhi yao walianzisha shamba la pamoja, wasomi na wakulima wagawane jembe na vitabu, na shamba likawashinda baada ya miaka michache. Hapo stoo nzima iliguna, maana kila mmoja ana mjomba aliyekuwa kijiji cha ujamaa. Kwamba wanawake wao walikaa kwenye mazungumzo kama haya yetu wakauliza kwa nini mwanamke hapigi kura. Kwamba waliwaficha watumwa waliotoroka kuelekea Kanada, na kwamba mmoja alilala rumande kwa kukataa kulipa kodi ya serikali iliyokuwa inalinda utumwa. Nikauliza kwa nini watu waliopenda msitu na upweke walijiingiza katika kelele za namna hiyo. Mama Albina alisema hata yeye jambo hilo lilimsumbua tangu kidato cha pili, na kwamba labda ukikaa kimya vya kutosha unaanza kusikia minyororo.

Nilidhani ni maneno mazuri tu. Kisha ikaja Shiling.

Ilikuwa Novemba ya mwaka jana. Bwana Burhani alikuwa na mikoba ya kike ya kuuza Unguja na Dar wakati wa sikukuu ya Idi, na meli ilikuwa inaondoka wiki hiyo. Mama Albina na Shedrack walikwenda Shiling, mji wa karakana za mikoba nje ya Guangzhou, kwa gari la kukodi kuikagua na kuipakia. Karakana ilikuwa orofa ya tatu. Walipofika juu walikuta mlango wa nondo umefungwa kwa mnyororo na kufuli kwa nje, na ndani wasichana wapatao thelathini wakiendelea kushona. Laoban akatoa ufunguo kwa tabasamu, akafungua, akawaingiza, akafunga tena nyuma yao. Alieleza kwamba bila hivyo mikoba hutembea.

Mama Albina alikagua mkoba mmoja. Ulikuwa safi. Akaomba afunguliwe, akatoka, na nje ya mlango akakalia katoni. Alisema hatapitisha hata mkoba mmoja mpaka mnyororo utoke na usirudi. Laoban alisema "mei banfa", hakuna namna, akazima mashine zote. Mama Albina akatoa karanga.

Walimpigia simu Bwana Burhani, akaja mbio kutoka mjini, jasho limemtoka. Shedrack alikuwa amesimama hapo hapo, na maneno haya amenisimulia mara nyingi sana kiasi kwamba nayajua kwa moyo.

"Bi Albina, nakuomba," alisema Bwana Burhani. "Mikoba ina kasoro?"

"Haina."

"Basi wewe ni mkaguzi wa mikoba. Si mkaguzi wa milango."

"Mikoba imetokea mlango huu, Bwana Burhani. Haina pengine pa kutokea. Moto ukiwaka humo, nitakuwa nimekagua nini?"

Bwana Burhani alizunguka, akapiga simu ofisini, akarudi. Saa ya alasiri ikawa imeingia, akaomba mahali pa kusalia. Laoban akamfungulia kwa heshima, akamwonesha kona yenye bomba na kipande cha katoni safi, naye akaingia. Na laoban, kwa mazoea tu, akafunga mnyororo nyuma yake, akashuka chini kuvuta sigara.

Hakukawia sana. Lakini Shedrack anasema alipomaliza kusali akaja mlangoni, akaisukuma nondo, ikagoma, akaisukuma tena. Hakuita. Alishika nondo kwa mikono miwili akasimama, na harufu ya gundi ilikuwa inamtoa machozi. Laoban aliporudi na kufungua, Bwana Burhani alitoka, akavuta katoni ya pili, akakaa kando ya Mama Albina. Aliomba karanga. Alizila hapo mpaka saa ya mwisho ya kufikisha mzigo melini ikampita.

Alipoona mwenye mzigo naye amekaa, laoban aliutoa mnyororo, akautundika kwenye msumari ukutani, akasema hautarudi. Hapo Shedrack alitaka kushangilia. Lakini wakati wanapakia, msichana mmoja aliyekuwa amemletea Mama Albina maji ya moto alimfuata, na Mama Albina mwenyewe ndiye aliyetutafsiria baadaye maneno yake. "Ayi, wewe utaondoka na gari," alisema. "Sisi tangu asubuhi mashine zimezimwa kwa ajili yako, na tusiposhona hatupati kitu."

Mama Albina alimrudishia kikombe. Alirudi ofisini amechanganyikiwa kuliko sisi sote. Jumapili iliyofuata alituambia kwamba kile kitabu hakikusema popote mtu afanye nini pale anayemtetea anapomwambia kwamba amemuumiza. Labda kilisema, akaongeza, kwenye zile kurasa walizokula mchwa.

Mbele ya Bwana Abdulhadi mambo ya Mama Albina hayakuwa mepesi. Alimwambia kwamba hapa tunasafirisha mizigo, na dhamiri haipakiwi kwenye kontena. Akamwondoa kwenye ukaguzi, akamweka mezani kupokea simu, na ikasemekana wazi kwamba atamalizia mwaka wake wa mwisho hapo kisha aondoke kimya kimya, bila sherehe wala hotuba. Alikaa kwenye meza ile miezi miwili. Alijibu simu kwa sauti ya uchangamfu, akiwaambia wateja "subiri kidogo, mpenzi", hata wanaume wazima. Aliyemrudisha ni Bwana Burhani. Mikoba yake ilikuwa imefika baada ya Idi, akaingoja Idi Kubwa, na mzigo uliofuata alipouagiza alitamka mbele yetu sote kwamba hataupokea bila ya mkono wa Bi Albina. Kesho yake asubuhi tulikuta jina la Mama Albina limerudi kwenye zamu za ukaguzi, kwa mwandiko wa Bwana Abdulhadi mwenyewe.

Sasa, mimi nilimpenda Shedrack kutokana na kisa hicho. Sijui kama hili linafaa kuandikwa katika wasifu wa mtu mwingine, lakini ni kweli. Kila alipokisimulia nilikuwa namtazama mikono, jinsi anavyoonesha Bwana Burhani alivyoshika nondo, na nikawa naomba aanze upya. Aliponiuliza kama nitaolewa naye niliogopa, nikamkimbilia Mama Albina aniambie la kufanya. Alikataa.

"Usiniulize mimi, mwanangu," alisema. "Ukifuata neno langu utakuwa umeolewa na neno langu. Nenda Mlima Baiyun peke yako, ukae, usikilize."

Nilikwenda. Nilikaa chini ya misonobari asubuhi nzima nikisikiliza kwa bidii zote. Nilisikia nyenje. Nilisikia tumbo langu. Nilipokata tamaa nikashuka kutafuta kibanda cha tofu laini ya soya na sukari, na hapo kwenye foleni, na bakuli mkononi, alikuwa amesimama Shedrack, uso unang'aa kwa jasho. Naye alikuwa ametumwa, asubuhi ile ile, upande wa pili wa mlima. Hakuwa amesikia kitu chochote. Tulitazamana tukacheka mpaka mama wa tofu akatuuliza kama tunanunua au hatununui. Tarehe saba Agosti tulifunga ndoa katika Kanisa la Mawe la hapa mjini, na Mama Albina alikaa kiti cha mbele akilia na kula karanga. Tulipomuuliza kama alitupangia tukutane, alisema yeye hapangi, yeye anakagua.

Kwa hiyo Mama Albina anaamini nini? Anasema tusimfuate, na sote tunamfuata. Anasifu maisha ya vitu vichache, na amepitisha mikononi mwake suruali nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Anasema kila mtu ana sauti yake ndani, na mimi nikisikiliza ya kwangu nasikia ya Mama Albina. Mume wangu anasema huko ndiko kuvuka kwenyewe. Mimi sijui. Bwana Burhani aliyechangia pilau ya leo anasema bado anasubiri habari za boti.

Najua jambo moja. Jumatano ijayo nitapanda basi la Shiling, ni karakana nyingine, laoban mwingine, na huo ndio ukaguzi wangu wa kwanza. Shedrack alipita ile karakana ya zamani mwezi wa nane akauona mnyororo bado uko kwenye msumari, lakini hakuna anayejua siku ambazo hatupo unakuwa wapi. Nimemuuliza Bwana Abdulhadi waziwazi kama ninaruhusiwa kuanza na mlango. Amesema tena, "Tutaona." Nimelala na neno hilo wiki nzima nikiligeuza nje ndani na kuvuta mshono wake. Jana kwenye chai nilimwambia kwamba sawa, nimeelewa: mimi nitaona, na nikishaona nitamwambia. Alinitazama. Hakusema hapana. Aliniongezea chai.

Mama Albina, kwa niaba ya ofisi nzima, ahsante kwa miaka kumi na mitano ya mishono iliyoshika, kwa Jumapili juu ya marobota, na kwa kunikatalia jibu nilipolihitaji sana. Mungu akujalie miguu mizuri ya kupanda milima ya kwenu, kahawa yako ikubali mvua, na jirani wa kubishana naye asikosekane.

Mimi na mume wangu tumepata likizo ya kwenda nyumbani kuonana na wakwe, na tiketi tunazo. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa Litembo, tumekaa kwako, na nitakueleza mlango wa kwanza ulikuwaje na nilifanya nini. Wa kwako uache wazi.